Baroni aliyefia Bardera

Kwenye nyika ya Taru, ile ardhi kame unayoingia ukishaiacha Mariakani kuelekea Voi, kuna hondohondo mdogo aliyefanya urafiki na nguchiro. Asubuhi huwasubiri kwenye kichuguu walikolala, na wakichelewa kutoka huwapigia kelele. Kisha hutembea pamoja. Nguchiro wanafukua, panzi wanaruka, ndege anadaka, na mwewe akitokeza angani ndege naye hupiga ukelele wenzake wakimbilie mashimoni. Dume ana mdomo mwekundu wenye ncha ya rangi ya pembe, jike ana mdomo mweusi. Wataalamu wanamwita Tockus deckeni.

Jina hilo ni la kijana wa Kijerumani, von der Decken, aliyeivuka nyika hiyo kwa miguu mwaka 1861, akairudia 1862, na kabla 1865 haijaisha alikuwa ameuawa kwenye kingo za mto Juba, kusini mwa Somalia ya leo. Alikuwa na miaka 32. Nimekutana na jina lake kwa miaka mingi kabla sijamjua mwenyewe. Liko kwenye ramani za Kilimanjaro, ambako barafu mojawapo ya upande wa kusini inaitwa Decken. Liko kwenye lobelia kubwa za mlima huohuo, Lobelia deckeni, zinazosimama kama walinzi kwenye ukungu. Liko hata Madagaska, kwa komba mweupe anayeruka wima kutoka mti hadi mti. Mtu aliyefanya kazi kama miaka mitano tu ameacha jina kwenye ndege, mmea, mnyama na barafu. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza alikuwa nani, na kwa nini aliishia pale.

Karl Klaus von der Decken alizaliwa Agosti 1833 huko Kotzen, Brandenburg. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wa zamani wa Hannover, ufalme mmojawapo wa Kijerumani, watu wa mashamba na majeshi. Mama yake, Adelheid, aliolewa mara ya pili na mkuu wa Pless, mwenye mali nyingi sana katika nchi ya Silesia, akabaki mjane wake. Kwa hiyo kijana huyu alikuwa na cheo cha baroni kutoka upande mmoja na mama mke wa mkuu upande mwingine. Wavulana wa nyumba kama ile walikuwa na milango michache ya heshima: jeshi, utumishi kwa mfalme, au kukaa shambani kuwinda sungura. Yeye aliingia jeshi la Hannover akiwa bado kijana mbichi, akakaa humo karibu miaka kumi. Ilikuwa miaka ya gwaride. Mwaka 1860 aliacha kazi.

Zama zile Ulaya ilikuwa na homa ya ramani ya Afrika. Heinrich Barth, msafiri mashuhuri wa Kijerumani, alikuwa amerudi kutoka Timbuktu mwaka 1855, na Decken akaenda kumtaka ushauri. Alishaionja Algeria. Mpango uliokubalika ulikuwa ajiunge na Albrecht Roscher, kijana wa Hamburg aliyekuwa ameshapita Kilwa na kulifikia ziwa Nyasa Novemba 1859, wiki chache tu baada ya Livingstone. Basi baroni akafunga mizigo aje kukutana na mwenzake.

Hakukuta mtu. Roscher aliuawa Machi 1860, si mbali na ziwa, akiwa na miaka 23. Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, aliwakamata waliotuhumiwa na kuwakata vichwa Unguja mwezi Agosti, wakati wasafiri Waingereza Speke na Grant wako mjini wakijiandaa kwa safari yao ya Nile. Muda mfupi baadaye Decken akateremka bandarini na vifaa vya kupimia vya watu wawili.

Mtu mwingine angegeuza. Yeye aliamua kwenda kutafuta karatasi za marehemu.

Hapa inabidi tukumbuke safari ya bara ilikuwa kitu gani. Huwezi kwenda peke yako na bunduki na moyo wa ujasiri. Unahitaji wapagazi, na kila mpagazi anabeba frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu. Sehemu kubwa ya mzigo si chakula wala dawa bali ni mali ya kulipia njia: vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, waya wa shaba. Unahitaji kirangozi anayejua visima viko wapi na ni ushanga wa rangi gani unaotakiwa mwezi huu katika nchi gani, maana rangi ya mwaka jana inaweza kukataliwa kabisa. Kwa kila mwenye nchi unatoa hongo. Na wapagazi wakiamua usiku kwamba safari hii ina mkosi, asubuhi unaamka na mizigo yako mwenyewe. Mfumo huo ulijengwa na watu wa Mrima, Wanyamwezi, Wakamba na Waarabu wa pwani kwa miaka mingi, na kila Mzungu aliyeingia bara zama zile aliingia kwa kupanda juu ya mgongo wake. Vitabu vyao husema wao waliongoza. Ukivisoma kwa jicho la pembeni unaona waliongozwa.

Decken alitoka Kilwa mwishoni mwa 1860, na ndani ya wiki chache mfumo huo ukamkataa. Watu wake walimponyoka, njia ikafungwa, akarudi pwani bila kuliona ziwa wala karatasi. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake, nadhani, kuambiwa hapana na watu ambao cheo chake hakikuwa na maana yoyote kwao. Alirudi salama.

Mwaka uliofuata akaelekea kaskazini. Hapo Mombasa kulikuwa na ugomvi mtamu wa kitaalamu uliokuwa haujaisha. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani wa Rabai, alikuwa ameuona mlima wenye theluji Mei 1848, karibu kabisa na Ikweta. Huko London bwana mmoja, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki, alishikilia kwamba Rebmann ameota. Cooley alikuwa msomi wa kweli, si mjinga; alijenga jiografia ya bara zima kwa kuhoji wasafiri na kusoma maandiko ya kale akiwa mezani. Shida yake ni kwamba mlima haukuwemo kwenye hesabu zake.

Decken alikwenda Kilimanjaro mara mbili. Mwaka 1861 alikwenda na Richard Thornton, mwanajiolojia Mwingereza aliyekuwa amefukuzwa na Livingstone kule Zambezi. Hawa wawili napenda kuwawazia pamoja: baroni aliyemkosa mwenzake na kijana aliyetupwa na bosi wake. Walipita nyika, wakafika Taveta na ziwa Jipe, Thornton akipima pembe za milima kutoka kila kilima. Mvua na mawingu viliwazuia kwenye mita 2,500 hivi, bado ndani ya msitu. Lakini vipimo vya Thornton vilitosha kuonyesha kwamba huu ni mlima wa volkano na kwamba kimo chake kinakaribia mita elfu sita. Thornton baadaye alirudi kwa Livingstone, wakapatana, na mwaka 1863 homa ikamuua kule mto Shire. Alikuwa na miaka 25. Hesabu mwenyewe: Roscher 23, Thornton 25, Decken 32.

Safari ya pili, mwaka 1862, alikuwa na Otto Kersten, mwanakemia wa miaka 22. Desemba wakapanda mpaka karibu mita 4,280. Wanaojua njia ya Marangu wataelewa nikisema ni juu ya Horombo, chini ya Kibo Hut, ingawa wao hawakupita njia hiyo. Hakuna Mzungu aliyekuwa amefika juu namna hiyo kwenye mlima ule. Usiku mmoja theluji iliwaangukia. Sasa, mtu amelala kwenye theluji, ameishika kwa mkono wake, unadhani ubishi umekwisha? Cooley aliandika kwa kejeli kwamba baroni anastahili pongezi kwa bahati yake, kupata dhoruba ya theluji kwa wakati uliomfaa hivyo. Nacheka kila nikikumbuka. Kuna watu hata ukiwaletea barafu kwenye sahani watauliza umeinunua wapi.

London hata hivyo haikumsikiliza Cooley tena. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilimpa Decken medali ya dhahabu kwa upimaji wa Kilimanjaro. Kile ambacho hakupata ni njia ya kwenda mbele zaidi. Alitaka kupita nchi ya Wamasai kuelekea maziwa makuu, na Wamasai wakamkatalia. Kwa mara nyingine aliambiwa hapana, na kwa mara nyingine akarudi pwani akiwa mzima.

Hayo matukio matatu nimeyakalia sana, Kilwa, Kilimanjaro ya kwanza na Umasaini, kwa sababu naona ndiyo yanayoeleza kifo chake. Msafara wa miguu ni kitu chenye breki. Wapagazi ni breki, hongo ni breki, kirangozi anayesema "leo hatuendi" ni breki. Kila siku unalazimika kuongea na mtu, na kila mazungumzo ni nafasi ya kugundua kwamba hutakiwi. Decken alizichukia breki hizo, na si yeye tu. Tofauti yake na wengine ni kwamba alikuwa na fedha za kuziondoa. Burton na Speke walitumwa na chama, Livingstone alilipwa na serikali yake, wamisionari walisubiri posho kutoka makao yao makuu. Baroni alijilipia. Hakuna kamati iliyokaa kumuuliza kama mpango wake una akili.

Kwanza alitembea visiwani, Madagaska, Ngazija na jirani zake, Réunion. Halafu akarudi Ulaya na wazo jipya: kama bara haliingiliki kwa miguu, liingiliwe kwa mto. Kwenye kiwanda cha meli cha Reiherstieg, Hamburg, alitengenezewa stima mbili za chuma. Kubwa aliipa jina Welf, ukoo wa wafalme wa Hannover. Ndogo iliitwa Passepartout, jina la ufunguo unaofungua kila mlango. Zilisafirishwa vipande vipande hadi Unguja zikaungwa hapo. Safari hii hakuja na rafiki mmoja wa kupima milima bali na kundi zima: maofisa, daktari aitwaye Link, mchoraji Trenn, mafundi mitambo, mwindaji Richard Brenner.

Wafanyabiashara wa Unguja lazima waliitazama kazi ile kwa udadisi. Nyumba ya O'Swald ya Hamburg ilikuwa pale tangu 1849 ikitajirika kwa kitu cha kawaida kabisa, simbi za pwani, zilizopakiwa kwa tani kupelekwa Afrika Magharibi ambako zilikuwa fedha. Wajerumani hao walijua kupata faida bila kutoka kivulini. Baroni yeye alitaka kupanda Juba mpaka asikojua, na ikiwezekana avuke hadi milima ya theluji ya bara.

Mlangoni mwa Juba kuna fungu la mchanga na mawimbi ya kaskazi na kusi yanayolipiga mwaka mzima. Manahodha wa Barawa na Lamu wanalijua na kuliheshimu. Mwishoni mwa Julai 1865 Passepartout iliharibikia hapohapo na mtu mmoja akafa maji. Welf ilipita ikiwa imeumia. Wakaitengeneza, na mwezi Agosti wakaanza kupanda mto.

Mto huo ulikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na historia. Bardera, mji waliokuwa wakiuelekea, ulianzishwa kama mwaka 1819 na watu wa dini waliotaka kuishi kwa sheria bila kuchanganya. Walipiga marufuku tumbaku na hata biashara ya pembe za ndovu. Mwaka 1840 waliivamia Barawa, mji wa Waislamu wenzao wa pwani wanaosema Chimwiini, lahaja ya Kiswahili. Miaka mitatu baadaye Sultani Yusuf Mahamud wa Geledi, dola ya Wasomali, aliwaendea na jeshi kubwa akauteketeza mji wao. Walioujenga upya walikuwa na sababu zote za kutomwamini mgeni anayekuja na silaha, awe Msomali, Mswahili au nani.

Sasa wafikirie watu hao Septemba 1865. Chombo cha chuma, kinatoa moshi, kinapanda mto wao dhidi ya mkondo bila tanga wala makasia, kimejaa Wazungu wenye bunduki ambao hawauzi kitu. Katika nchi ya Wasomali mgeni huwa na abani, mwenyeji anayemdhamini na kubeba lawama yake. Usalama wake ni heshima ya abani huyo. Kwa miguu usingeweza kupiga hatua mbili bila mtu wa namna hiyo. Kwa stima unaweza kuwaza kwamba sitaha ndiyo abani wako.

Juu kidogo ya Bardera kuna maporomoko. Mwishoni mwa Septemba Welf iligonga mwamba hapo na kujaa maji. Ghafla baroni alikuwa tena mtu wa miguu, bila wapagazi, bila kirangozi, bila hongo iliyopatanwa. Alichukua uamuzi ambao ulikuwa wa kiungwana na wa hatari kwa pamoja: akashuka na Dk. Link kurudi Bardera kuomba msaada na chakula, akawaacha wengine wakilinda meli na mizigo. Tarehe 1 Oktoba kambi ya melini ilivamiwa, Trenn na fundi Kanter wakauawa. Waliosalia, wakiongozwa na Luteni von Schickh, walijitupa ndani ya mashua wakashuka mto kwa kasi yote mpaka baharini, kisha Unguja. Decken na Link hawakuwemo. Waliuawa Bardera siku hizohizo za mwanzo wa Oktoba. Miili yao haikurudi kwao.

Mwaka mmoja baadaye, 1866, ufalme wa Hannover nao ulimezwa na Prussia, na ukoo wa Welf ukapoteza kiti. Ni sadfa tu, lakini kama Decken angeishi angerudi kwenye nchi ambayo haipo.

Kinachofuata ni hadithi ya mama. Adelheid, sasa mjane na mfiwa, hakukubali kwamba habari imekwisha. Watu walitumwa kutafuta ukweli. Theodor Kinzelbach alikwenda kwa ajili hiyo akafia Mogadishu mwaka 1868. Na kwa fedha za familia Kersten alikaa kuchapisha kila kilichosalia: daftari, vipimo, picha, na vile viumbe vilivyokusanywa kwenye chupa na masanduku. Mabuku yalitoka kati ya 1869 na 1879, makubwa, yenye michoro ya rangi, kila kundi la wanyama likiandikwa na bingwa wake. Ndiyo sababu jina la kijana huyu liko kila mahali. Ndege wa Taru alipewa jina na Jean Cabanis mwaka 1868, komba wa Madagaska na Wilhelm Peters mwaka 1870, wote wakifanya kazi Berlin. Wavulana wengine wa makabaila waliokufa wadogo walijengewa kaburi la marmari kanisani. Huyu mama yake alimjengea maktaba.

Mabuku hayo ni mazuri na yana kasoro moja inayonikera. Utapata humo jina la kila konokono. Wapagazi mamia waliobeba masanduku yaliyowaleta konokono hao hadi pwani ni kundi tu, "watu wetu". Nani alikuwa kirangozi wa kuingilia Taveta, nani alilala kwenye theluji pale juu bila viatu wala koti la Hamburg? Theluji iliyomwangukia Kersten iliwaangukia na wao.

Na lipo la siasa, ambalo wanaomwita Decken mwanasayansi tu hupenda kuliruka. Kwenye barua zake kutoka ukanda wa Juba alisema wazi kwamba koloni la Wajerumani lingestawi hapa na baada ya miaka michache lingejilipia lenyewe, hasa mfereji wa Suez ukifunguliwa. Wakati anaandika, Ujerumani yenyewe haikuwa dola moja. Lakini maneno ya kabaila aliyekufa kishujaa yana uzito wa pekee, na miaka ishirini baadaye, Carl Peters na wenzake walipokuwa wakitafuta hoja za kuanzisha koloni la Wajerumani Afrika Mashariki, yalikuwa yakiwangoja yamechapwa tayari.

Brenner, yule mwindaji aliyenusurika na mashua, ndiye aliyepeleka jambo hilo mbele bila hata kukusudia. Alirudi pwani mwaka 1866 kuchunguza mauaji ya bwana wake. Mwaka 1867 alifika Witu, bara ya Lamu, kwa Sultani Ahmed, maarufu kama Simba, wa ukoo wa Nabahani wa Pate, aliyekuwa amekimbia mkono wa Unguja. Simba alikuwa mwanasiasa mzoefu. Alimwona Mjerumani huyu anayetafuta habari za maiti, akaona ndani yake njia ya kumkomesha Sayyid Majid, akaomba ulinzi wa Prussia. Berlin haikujibu kitu cha maana wakati ule. Mwaka 1885 ndugu wawili Denhardt walikuja na jibu, na Witu ikawa chini ya Ujerumani. Miaka mitano baadaye, katika mapatano yaleyale ya Zanzibar na Heligoland, Wajerumani waliitoa Witu kwa Waingereza. Sultani wa Witu hakuulizwa.